Kipimo cha Fuvu

Kabla ya alfajiri kofia ililia ti, ti, ti kichwani mwangu. Kila mlezi huivaa, nayo ikiona chuki ubongoni, mtoto huchukuliwa. Nilikuwa namfunika shuka mjukuu wangu, Salha.

Mkaguzi alifika chai haijachemka. "Umemchukia mtoto, bibi."

"Hapana, mwanangu. Fuvu langu limezeeka, halipitishi umeme wa ubongo kama la kijana. Kofia hukosea mahali umeme unapotoka, ikasoma upendo kuwa chuki."

"Kipimo ni kimoja kwa wote. Kweli una kichwa kigumu!" Akacheka. Hata hivyo alimfunga Salha kamba za viatu, taratibu.

"Nitaruhusiwa kumwona?"

"Kwenye geti la makao ya watoto utapimwa kwa kofia hiyohiyo."

Salha akachungulia dirishani mwa gari. "Bibi, uje kesho!"