Karatasi ya Mtaroni

Siku hizi taka yoyote ikiguswa hutaja jina la aliyeitupa. Ndiyo maana nilitengeneza karatasi ile kwa mikono yangu, nikabandika juu yake vizibo vya chupa nilivyookota mtaroni, nikaitundika kwenye ukumbi wa mtaa, ili majirani waone haya.

Mama mkwe alipogusa kizibo kikamtaja Hemedi, mwanawe, mume wangu, ukumbi mzima ulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kisha akaipapasa karatasi yenyewe. "Mbona nayo inasema, mwanangu?"

Nilikuwa nimeitengeneza kwa kuponda makaratasi ya mtaro huo huo. Nilisahau kwamba karatasi zangu zikiharibika, nami huzitupa humo.

"Raya Mbaruku," ilisema. "Raya Mbaruku."

Mama mkwe hakucheka. Alivua mtandio wake akaifunika, na kila mara kitambaa kilipoigusa, karatasi ikanitaja tena.