Jina la Juu

Mwanamke asiyefahamika aliingia ofisini, akasema amesikia kuhusu skripti inayogoma, yaani faili la maagizo ya kompyuta, akaomba aione. Kondo, mwandishi wa programu pale ofisini, ndiye aliyeiandika. Ilijenga programu vizuri kwenye kompyuta yake, lakini kwenye seva mpya ilikwama. Alikuwa amewaahidi wenzake kwamba atakayeiwezesha kufanya kazi kote jina lake litaandikwa mwanzoni mwa skripti, juu ya la Kondo. Aliamini hayupo awezaye.

"Umeandika kwa bash, lugha ya maagizo inayoeleweka na kompyuta yako, kaka," mgeni alisema. "Seva hizi zinaelewa sh tu, ile lugha ya awali iliyo rahisi zaidi."

Akabadilisha mistari miwili. Seva zote zikakubali.

"Kondo, leo umepatikana!" wenzake walishangilia, wakimmiminia mgeni chai.

Kondo aliona wivu. Hakuna aliyemkumbusha ahadi.

"Jina lako linaandikwaje, dada?" aliuliza, akaliandika polepole, herufi mojamoja, juu ya lake.