Furaha ya Marsanuri

Mji wa Marsanuri, ng'ambo ya bahari, una sheria moja: mgeni akiondoka, kumbukumbu zake za humo hubaki langoni. Watu huenda hata hivyo, maana hurudi na chumvi mwilini na furaha wasiyojua imetoka wapi.

Mwanaidi na mumewe Shebe walishinda huko, wakarudi jioni. Mwanaidi akamimina chai, akaonja sukari kwanza kama ilivyo ada yao, akampa. Shebe akakiinua kikombe mpaka mdomoni, kisha akakirudisha mezani.

"Siwezi kuinywa, Mama Rukia. Mwili umekataa."

"Kwani nimekufanya nini, Baba Rukia?"

Shebe hakujua. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, asithubutu kumpa mgongo.

Mwanaidi akabaki amesimama. Ile furaha aliyotoka nayo langoni ilikuwa bado imemjaa kifuani, na sasa ikaanza kumtisha.