Pampu ya Gari la Jumapili

"Nje iwe kama ilivyotoka kiwandani," mama alisema. "Ndani ife."

Fundi Msasa aliigeuza ile pampu ya mafuta kiganjani. Ilikuwa ya gari la zamani, la enzi zile magari yakiundwa kwa chuma, si kwa matumaini. Kutu ilikuwa imeishika kama ukurutu. Katika ufundi wake Msasa alishaombwa mengi: bei ishuke, kazi iharakishwe, mke asiambiwe. Kuombwa aharibu, hilo lilikuwa jipya.

"Mama, kuharibu mbona nafanya bure? Waulize wateja wangu."

Mama hakucheka, wala hakununa. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichogeuzwa kochi la wageni, mkoba mapajani, akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni.

Binti wa pekee wa mama huyo na mumewe alifariki mwaka jana. Mzee, yaani mumewe, alikuwepo mazishini, akasimama kaburini kama wengine. Kisha, mama alisema, kichwa cha mzee kikafuta yote. Jumapili iliyofuata akavaa koti na kwenda kukaa garini, kama walivyozoea kwenda kumsalimia binti. Na Jumapili nyingine, na nyingine. Gari linakohoa, haliwaki. Wanakaa kidogo, wanarudi ndani kunywa chai.

"Na wewe unaingia humo?"

"Niingie wapi kwingine? Akiwa amekwisha vaa koti, nachukua mkoba."

"Mnazungumza nini?"

"Habari za mvua." Alikung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye sketi. "Nimwambie kila wiki kuwa mwanetu amekufa? Mtu afiwe mara moja, mwanangu. Yatosha."

Juzi mzee alifungua boneti, akainyooshea pampu kidole: hii inataka fundi. Mama akaona hapo pana msiba. Gari likiwaka, watafika. Wakifika, mlango utafunguliwa na wapangaji wapya, na hao watasema. Kwa hiyo akamwambia mumewe ataipeleka yeye. Aliifungua kwa mkono wake mwenyewe. "Miaka yote nimemshikia taa, nisijue spana?"

"Basi naipiga rangi ya fedha, inameta, anafurahi."

"Thubutu! Mzee alikuwa fundi wa magari kabla wewe hujaota meno. Akiona kitu kimepakwa, anakipangua mpaka skrubu ya mwisho. Anasema anayeng'arisha ana jambo anaficha. Akikuta rangi ya kiwandani, hatafungua."

Msasa alikubali. Hakujua amekubali kazi au dhambi, na tumbo lake halikuuliza.

Pampu haichovywi dawa ikiwa imefungwa, kwa hiyo aliipangua yote. Ndani alikuta kiwambo cha mpira, kile kinachovuta mafuta, kimepasuka tayari. Mpasuko ulikuwa umenyooka, safi, kama mshono wa fundi cherehani. Mpira ukizeeka hufanya nyufa kama kisigino. Huu haukuwa na hata moja. Msasa aliutazama, akakuna shingo. Kilichoombwa kife kilikuwa kimeshakufa. Uvivu ulimshauri asidadisi.

Kazi ikabaki ya nje. Aliiloweka, akaisugua kwa brashi laini, akaichovya kwenye dawa ya zinki ili kuirudishia ngozi yake. Ikatoka inameta kama jino la tapeli. Akaifuta, akaanza upya. Chini ya mkono wa kuifungia pampu kwenye injini, mahali ambapo jua wala mafuta hayakuwahi kufika, palibaki kipande cha rangi ya mwanzo: kijivu kilichozubaa, chenye umanjano kwa mbali. Alikifuata hicho. Alichovya, akapoza, akasugua kwa kitambaa, akalinganisha. Mwishowe alipoiweka mezani, ilionekana kama kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigusa.

Kabla mama hajaja kuichukua, alikuja mzee.

Msasa alimtambua kwa koti. Lilipigwa pasi vizuri, na mwenyewe alikuwa mwembamba ndani yake kama hanga ya nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mke wangu amekuletea pampu."

Mzee aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaizungusha polepole, akapitisha ukucha kwenye ukingo. Msasa alibana pumzi kama mtoto anayesahihishiwa daftari mbele yake.

"Hii ndiyo yenyewe," mzee alisema. "Hukuipaka vipodozi."

"Mimi tena, mzee!"

"Na ndani?"

Hapo ndipo ulimi ulipotakiwa kufanya kazi yake. Mama alikuwa ameagiza mzee aridhike, basi aridhike.

"Ndani usiseme! Kiwambo kipya kabisa. Itanyonya kama ndama. Jumapili mkigusa swichi tu, mmefika."

Mzee hakufurahi. Aliirudisha pampu mezani taratibu, akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa pale pale alipokuwa amekaa mkewe. Nje mtu alikuwa anagonga bati, akaacha, akagonga tena.

"Mimi nilisingizia pampu ili nipate la kusema," alisema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Sikujua ataileta kweli. Kikate hicho kiwambo, mwanangu. Nilikikata vizuri tu, kikate tena."

"Nikate? Kwa nini, mzee?"

"Mimi garini hukaa tu, nipate pa kumlilia mwanangu. Lakini mke wangu kila Jumapili huja na kuketi tayari kwa safari. Kasahau kwamba tulimzika, na mimi sina moyo wa kumwambia."