Kura ya Nyongeza

Betri nne zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu saa mbili asubuhi. Mama Noela alizigeuza mara kwa mara, kama mtu anayegeuza dagaa, huku akinong'ona Salamu Maria.

Umeme ulikwisha kukatwa mtaani kwao Kipawa tangu nyumba zipigwe alama nyekundu za X. Barabara ingepita hapo. Leo Bunge lilikuwa linapigia kura bajeti ya nyongeza, na fidia yao ilikuwa ndani yake.

Saa nane mchana jirani yake, Gervas, alibisha hodi. Mkewe Yuliana alikuwa nyuma yake na kigoda mkononi.

"Shikamoo, Mama Noela. Bando limekata. Tumekuja kusikiliza redio kwako."

"Marahaba, karibuni. Eti, wataitwa majina, kama kwenye kura ile ya Juni?"

"Mmoja mmoja. Kila mbunge anaitwa, anajibu ndiyo au siyo."

"Ashukuriwe Mungu."

Gervas alicheka. "Kumbe na wewe hela unaitaka hivyo! Mie nikilipwa tu, kesho niko Kinyerezi, kiwanja kinanisubiri. Wewe utahamia kwa nani? Kwa yule mwanao wa mkoani?"

"Ana kazi nyingi."

"Hata simu hapigi?"

Yuliana alimfinya mumewe. Noela, mzaliwa wa kwanza wa mama huyo, alizikwa miaka mingi iliyopita; aliyebaki ni huyo wa mkoani tu. Jina la Noela ndilo lililobaki likiitwa pale mlangoni, na siku hizi hata waliokuja kuliita walikuwa wachache.

Mama Noela alizitia betri redioni zikiwa bado za moto. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kufunga kilemba. Redio ilikoroma, kisha ikatulia. Katibu wa Bunge alianza kuita.

"Ndiyo." "Ndiyo." "Ndiyo."

Kwa kila ndiyo moja, Gervas alijipiga ngumi gotini. Lakini sauti ilianza kufifia.

"Zima kidogo zipumzike," alisema, akinyoosha mkono. "Tutawasha kwenye matokeo. Majina yote haya ya nini?"

"Usiguse!"

Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Gervas aliurudisha mkono wake taratibu. Mama Noela alipiga magoti sakafuni, akalibandika sikio lake kwenye spika. Majina yaliendelea kuitwa, kila moja likiwa mbali kuliko lililotangulia.

"Mheshimiwa Cyprian Haule."

Kikasikika kikohozi kidogo, kikavu.

"Ndiyo."

Mama Noela alifanya ishara ya msalaba. Kisha akaizima redio na kumkabidhi Gervas.

"Nendeni nayo kwenu, mkasikilize matokeo."

"Mama, hawajafika hata nusu! Na fidia yako je?"

"Mtaniambia."

Gervas alitoka mbio na redio kwapani. Yuliana alibaki, akamtazama mama wa watu akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Sasa unalia nini, mama? Si wote wanakubali?"

"Bado anakohoa kabla ya kuitika," alisema Mama Noela. "Hata utotoni, nilipokuwa namwita aje kula, alikuwa anaanza hivyo hivyo."