Jezi ya Kipa

Siku ya kwanza baada ya likizo, timu ya chuo ilikuwa na sheria moja: kila mtu avae jezi yake ya msimu uliopita, na ikimkataa, namba yake inachukuliwa na mwenzake. Kipa Shemdoe aliivuta yake, ikagoma juu ya kitovu.

"Jamani, kipa kameza mpira!" akapayuka beki Ngonyani.

Shemdoe alicheka nao, ila jicho lilikuwa kwa kipa wa akiba, aliyekwisha kunyoosha mkono kuipokea jezi.

"Ulikuwa unakula nini, we kijana?" kocha akauliza.

"Kila kitu, kocha. Tangu tumzike mzee, mama hali chakula akiwa peke yake. Nikishiba nikanawa, naye ananawa. Basi nikawa sinawi."

Kicheko kikakatika. Kocha akakohoa.

"Na sasa anakula na nani?"

"Dada karudi nyumbani. Zamu yake kunenepa."

"Haya. Jezi hiyo ifike kiunoni kabla ya mechi ya kwanza. Kimbia!"

Shemdoe akaanza kuzunguka uwanja, tumbo nje. Ngonyani akapandisha jezi yake hadi kifuani, akamfuata. Kisha kipa wa akiba. Kisha timu nzima, matumbo yakimeremeta juani.