Ruta ya Pili

Mke wa dereva alichomeka kebo ya bluu kwenye ruta, kile kifaa cha kuunganisha mitandao, mpaka ikalia tik, kisha akaunganisha ncha ya pili kwenye kompyuta yake.

Mtihani wa ufundi wa mitandao ulikuwa umekaribia, naye alikuwa akijipangia maabara ya mazoezi juu ya meza ya chakula. Ruta ya kwanza aliichagua mwenyewe kwenye duka la mitumba. Hii ya pili aliletewa na mumewe jioni hiyo.

"Nimeipata kwa rafiki," mumewe alikuwa amesema, bila kumtazama usoni.

Ubavuni ilinata gundi, kana kwamba lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa ukucha.

Akaiwasha, na feni yake ya ndani ikavuma. Maandishi yakateremka kwenye skrini, na mwishoni likatokea jina la ofisi anayoendeshea mumewe gari. Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza kaka wa mwanamke huyo kazi ya ulinzi, kwa sababu ya ruta iliyopotea kwenye zamu yake.

Sebuleni alimsikia kaka yake akijigeuza kwenye kochi, ndiko anakolala tangu afukuzwe.

"Imewaka, mke wangu?" mumewe aliuliza kutoka jikoni.

Aliandika amri ya kufuta kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu, jina lile litoweke, na ndoa yake isiguswe.

Akaweka kidole juu ya kitufe. Akakiondoa.

"Imewaka," alisema. "Njoo uone. Na wewe kaka, amka, njoo usome hapa."